Mwili mmoja wa Sati, mahekalu hamsini na moja: kipi kilitangulia, kisa au mahali?

Mdadisi wa Pangani

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikisoma kuhusu mahali patakatifu pa Wahindu panapoitwa Shakti Pitha, yaani makao ya Shakti, nguvu ya kike ya uungu. Inasimuliwa kwamba mungu wa kike Sati alipokufa mwili wake ulikatwa vipande, na kila kipande kilipoangukia pakawa mahali pa kuhiji. Tatizo ni kwamba orodha moja inataja mahali 4, nyingine 18, nyingine 51, nyingine 108. Isitoshe, kiungo kimoja hudaiwa na mahekalu mawili yaliyoachana kwa mamia ya kilomita, na mahekalu yenyewe yametapakaa India, Pakistan, Bangladesh, Nepal, Sri Lanka hadi Tibet.

Hoja yangu ni kwamba mahali pale palikuwepo kwanza, kila pahali pakiwa na mungu wake wa wenyeji, na kisa cha Sati kikaja baadaye kupaunganisha. Anayeona vinginevyo atueleze kwa nini.

Binti wa Kisutu

Asante kwa uzi. Kabla hatujaenda mbali, kisa kisimuliwe kikamilifu, kwa sababu ulivyokifupisha umeacha kiini chake.

Sati alikuwa binti wa Daksha, naye aliolewa na Shiva kinyume cha matakwa ya baba yake. Daksha hakumtaka mkwe anayeshinda mahali pa kuchomea maiti, aliyejipaka majivu mwili mzima na kuacha nywele zisokotane. Alipoandaa kafara kubwa ya moto aliwaalika miungu wote isipokuwa Shiva na Sati. Sati akaenda hivyo hivyo, akiamini kwamba mtoto hasubiri mwaliko kuingia nyumbani kwa baba yake. Huko akakuta mumewe anatukanwa mbele ya hadhara. Hakuvumilia kuendelea kuishi katika mwili aliopewa na mtu wa namna hiyo, akauacha papo hapo kwa moto uliotoka ndani yake mwenyewe. Shiva alipopata habari akamtuma Virabhadra, ambaye aliivuruga kafara na kumkata Daksha kichwa. Baadaye Daksha alifufuliwa kwa kuwekewa kichwa cha mbuzi. Kisha Shiva akaubeba mwili wa mkewe akazunguka nao dunia nzima, akicheza kwa majonzi hata ulimwengu ukaanza kuyumba. Ndipo mungu Vishnu alipoukata mwili ule kidogo kidogo kwa gurudumu lake, Sudarshana, mpaka Shiva akabaki mikono mitupu na kutulia.

Kwetu tuliolelewa na kisa hiki, hiki ni kilio cha mume aliyeshindwa kuiachia maiti ya mkewe. Marehemu bibi yangu, mzaliwa wa Kutch huko Gujarat, magharibi mwa India, alitusimulia jikoni huku akikanda unga, na akifika kwenye matusi ya Daksha mikono yake ilikuwa inasimama. Moyo wa Sati ulianguka Ambaji, kaskazini mwa Gujarat, na huko ndiko alikotamani kwenda maisha yake yote. Ukiniambia kisa hiki kilitungwa ili kuunganisha mahekalu, bado hujaeleza kwa nini kinawaliza watu.

Mwalimu Mstaafu

Binti wa Kisutu amesimulia vizuri, na ndivyo wengi wanavyosimulia leo, lakini ifahamike kwamba kisa hicho hakimo kizima katika maandiko ya kale. Katika Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa Wahindu, kafara ya Daksha inavurugwa kwa sababu Shiva hakupewa fungu lake, na hakuna mke anayejitoa uhai. Bhagavata Purana, mojawapo ya Purana, yaani vitabu vya visa vya miungu, inaleta kifo cha Sati, lakini mambo yanaishia Daksha anapofufuliwa. Hakuna maiti inayobebwa wala kiungo kinachoanguka. Viungo vinaanguka katika Kalika Purana, kitabu kilichotungwa pande za Assam yapata karne ya 10 au ya 11, na humo hakuna gurudumu: miungu Brahma, Vishnu na Shani wanaingia ndani ya maiti na kuigawanya. Devi Bhagavata Purana nayo inasema Vishnu alitumia mishale, na ndiyo inayotaja mahali 108.

Kuna jambo lingine linalompa Mdadisi nguvu. Mahabharata hiyo hiyo, inapoorodhesha mahali pa kuhiji, inataja kidimbwi kinachohusishwa na uke wa mungu wa kike, na haisemi lolote juu ya Sati. Heshima kwa mahali pa namna hiyo inaonekana ilikuwepo kabla kisa hakijakamilika.

Msafiri wa Brahmaputra

Naomba nichangie kwa niliyoyaona, kwa kuwa nilisoma Guwahati, mji mkubwa wa Assam, na hekalu la Kamakhya liko pale pale juu ya kilima cha Nilachal, mto Brahmaputra ukipita chini yake. Hapo ndipo inapoaminiwa kwamba uke wa Sati uliangukia.

Nilipanda na rafiki yangu wa darasani, Mwassam. Uani kulikuwa na njiwa wengi waliotolewa nadhiri wakaachiliwa, mbuzi waliofungwa kamba wakisubiri zamu, na kidimbwi chenye kasa ambao mahujaji huwalisha. Foleni ilikwenda saa kadhaa ndani ya vizuizi vya chuma. Mimi nilibaki uani. Mwenzangu aliingia, na alivyonieleza ni kwamba unashuka ngazi nyembamba za mawe kwenda chini ya ardhi, gizani, taa za mafuta ndizo zinazokuongoza, na ukifika hukuti sanamu. Unakuta mwamba wenye ufa, umefunikwa kitambaa chekundu na maua, na maji ya chemchemi yanautiririkia muda wote. Unainama, unayagusa maji, unapanda juu. Alitoka vidole vikiwa bado vimelowa, na hakusema neno mpaka tulipofika barabarani.

Kila mwaka katika mwezi wa Juni kuna sikukuu ya Ambubachi. Inaaminiwa kwamba mungu wa kike yuko katika hedhi, hivyo hekalu hufungwa siku tatu, na siku ya nne milango ikifunguliwa mahujaji hupewa vipande vya kitambaa chekundu vilivyokuwa juu ya mwamba. Siku hizo wakulima wa Assam nao hawalimi, kwa maana ardhi ndiyo yeye. Mvua za masika ya huko zinakuwa zimeanza na mto umejaa. Kwa hiyo mimi naona chanzo ni kilimo: ardhi inapumzishwa kabla ya kuzaa.

Mkereketwa wa Miamba

Msafiri amenifungulia njia. Kazi yangu ni jiolojia, na nikiitazama orodha hii naona ardhi ikifanya mambo yasiyo ya kawaida. Kamakhya ni chemchemi ndani ya mwamba. Jwalamukhi, katika wilaya ya Kangra, Himachal Pradesh, ni gesi asilia inayopenya kwenye nyufa na kuwaka. Ndimi za moto huhesabiwa 9, na kila moja hupewa jina la mungu wa kike. Haishangazi kwamba kiungo kinachosemwa kiliangukia hapo ni ulimi. Hinglaj, katika Balochistan ya Pakistan, njiani kwake kuna Chandragup, kilima kinachotema matope kama volkano. Bakreshwar huko Bengal kuna chemchemi za maji ya moto.

Mtu wa kale aliyeona mwamba unatoa moto pasipo kuni alikuwa na haki ya kusema hapa kuna uhai. Mahali palishangaza kwanza, mungu akafuata, na kiungo kikachaguliwa kulingana na umbo.

Mtoto wa Ujiji

Mkereketwa, tangu ulipojiunga hapa kila uzi lazima umalizikie kwenye gesi. Hata ule wa mapishi ya ndizi tuliukuta una miamba ndani yake. Lakini kwa Jwalamukhi leo nakupa haki yako. Kuna pia simulizi kwamba mfalme Akbar alijaribu kuuzima moto huo kwa maji, ukakataa, akarudi na mwavuli wa dhahabu ambao ulipowekwa mbele ya mungu ukageuka kuwa madini yasiyojulikana. Hiyo ni simulizi ya waumini. Lililo katika historia ni kwamba Ranjit Singh, mtawala wa Masingasinga, alitembelea hekalu hilo karne ya 19 na kuba lake likapakwa dhahabu.

Binti wa Kisutu

Mkereketwa, nadharia yako inashika penye moto na maji, kisha inaachia. Ambaji hakuna gesi inayowaka wala mwamba unaotoa maji. Hakuna hata sanamu. Kinachoabudiwa ni yantra, mchoro mtakatifu uliofichwa ndani ya tundu la ukuta, na makuhani hulipamba tundu hilo kwa mavazi na mataji hata ukitazama kwa mbali unadhani umemwona mama ameketi. Kuutazama mchoro wenyewe hairuhusiwi. Mwezi wa Bhadarvo wa kalenda ya Kigujarati, mbalamwezi inapokamilika, mamia ya maelfu ya watu hufika huko kwa miguu kutoka kila pembe ya Gujarat, wamebeba bendera nyekundu. Hao hawakuvutwa na maajabu ya ardhi.

Mbulushi wa Muscat

Assalaam aleikum. Mkereketwa ameigusa Hinglaj na kuipita haraka, wakati ndiyo yenye habari kubwa kuliko zote.

Babu zangu walitoka pwani ya Makran wakaja Zanzibar na Mombasa kama askari wa Sultani, kama walivyokuja Wabulushi wengi, na ndugu zetu wengine walibaki kule. Hinglaj iko wilaya ya Lasbela, ndani ya bonde la mto Hingol, kiasi cha kilomita 250 kutoka Karachi. Hakuna jengo la kutisha. Ni pango, ndani yake pana kizimba cha udongo chenye jiwe lililopakwa rangi nyekundu. Wahindu wanasema hapo ndipo kilipoangukia kichwa cha Sati, na hasa utosi. Mahujaji hufika kwa wingi mwezi wa Aprili, wengi wakitoka Sindh. Wengi huanza na Chandragup: wanapanda mpaka kwenye mdomo wa matope, wanatupa nazi ndani, wanatamka dhambi zao, kisha wanakwenda kuoga mtoni ndipo waingie pangoni. Kabla ya barabara ya pwani ya Makran safari hiyo ilikuwa ya siku nyingi jangwani kwa miguu na ngamia.

Ninalotaka mlitafakari ni kwamba Waislamu wa pale humwita mwenye pango Nani, yaani bibi, na safari ya kwenda huko wanaiita Hija ya Nani. Wapo wanaokwenda kumwomba, na wenyeji wamelilinda pango kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo swali la Mdadisi, kipi kilitangulia, pale lina jibu moja tu machoni pangu: bibi mwenyewe ndiye aliyetangulia. Wahindu wakamwita Sati, sisi tukamwita Nani, na hakuhama.

Mdadisi wa Pangani

Shukrani, Mbulushi. Hapo umesema kile nilichokuwa nakitafuta. Bado nataka mtu anieleze namba 51 imetoka wapi.

Mtoto wa Ujiji

Namba hiyo ina maelezo mawili ninayoyajua, na hayapatani.

La kwanza ni la wanazuoni wa tantra, mapokeo ya ibada za siri: herufi za Kisanskriti wanazihesabu 51, kila herufi ina nguvu yake, na mwili wa mungu wa kike umefanyizwa kwa sauti hizo, kwa hiyo kila mahali pana herufi yake. La pili ni la wanahistoria. Mwaka 1948 D. C. Sircar alichapisha uchunguzi wake wa orodha hizi na kuonyesha kwamba maandiko ya zamani, yakiwemo ya Wabudha wa tantra, yanataja mahali 4 tu: Jalandhara, Oddiyana, Purnagiri na Kamarupa, ambako ndiko iliko Kamakhya. Orodha ya 51 inayosomwa leo ilitungwa Bengal karne nyingi baadaye. Ndiyo maana wilaya moja ya Birbhum pekee ina mahali 5, Bakreshwar, Nalhati, Sainthia, Labhpur na Kankalitala, wakati majimbo makubwa ya kusini mwa India yamepata mahali pachache tu. Mtunzi aliorodhesha alipopajua, na alipopajua ni jirani na kwao.

Tena hapo hapo Birbhum kuna Tarapith, inayofurika mahujaji kuliko hizo tano, na haimo katika orodha hiyo. Waumini wake husema jicho la tatu la Sati liliangukia pale. Heshima ya watu haikungoja orodha.

Mwalimu Mstaafu

Naongeza nadharia ya tatu. Wabudha wa India walikuwa tayari na desturi ya kugawa masalio: baada ya Buddha kuchomwa, majivu na mifupa yake iligawanywa mafungu 8 na kujengewa stupa, yaani vilima vya kuhifadhia masalio. Mahali 4 alipotaja Mtoto wa Ujiji yanaonekana katika maandiko ya Wabudha pamoja na ya Wahindu. Inawezekana wazo la mwili mtakatifu uliotawanywa lilikuzwa katika mazingira ambamo makundi hayo mawili yaliazimana. Wengine hulinganisha na Osiris wa Misri, aliyekatwa na ndugu yake na kuzikwa vipande vipande, ingawa mimi sioni njia ambayo kisa hicho kingefika Assam.

Binti wa Kisutu

Ulinganisho wa Osiris unaachana na wetu mahali muhimu. Isis anavitafuta vipande. Kwetu hakuna anayevitafuta, kwa kuwa Sati hazikwi wala haunganishwi. Anazaliwa upya akiwa Parvati, binti wa mlima Himalaya, na kuolewa tena na Shiva. Viungo vinabaki duniani kwa ajili yetu, yeye mwenyewe yuko mzima.

Na hilo linajibu swali la kiungo kimoja kudaiwa mara mbili. Guhyeshwari ya Kathmandu, jirani na hekalu la Pashupatinath, nayo huhusishwa na sehemu ya siri ya Sati kama Kamakhya. Vidole vya mguu wa kulia hutajwa Kalighat ya Kolkata, na wapo wanaovitaja Pavagadh ya Gujarat. Sijawahi kumsikia mtu wa Pavagadh akigombana na mtu wa Kolkata. Mama hapungui kwa kuwa mzima mahali pawili.

Msafiri wa Brahmaputra

Na Vaishno Devi ya Jammu mbona haijatajwa? Wenzangu wa India kaskazini walikuwa wanaiweka mbele ya zote, na kila mwaka hupandwa na mamilioni.

Mwalimu Mstaafu

Ukubwa wa hija na kisa cha chanzo ni mambo mawili tofauti. Vaishno Devi ina kisa chake: binti aliyefuatwa na Bhairon Nath, akajificha pangoni katika mlima Trikuta, mwishowe akamkata kichwa na kumsamehe alipotubu. Ndani ya pango kuna mawe matatu yanayoabudiwa kama Kali, Lakshmi na Saraswati. Wapo wanaoiingiza katika orodha ya Sati, lakini kisa chenyewe hakimhitaji Sati hata kidogo.

Mbulushi wa Muscat

Kuna jambo linaloniuma. Sharada, katika bonde la Neelum, ilikuwa mahali pa hija na pa elimu, na mwanazuoni al-Biruni aliitaja katika karne ya 11. Leo ni magofu upande wa Kashmir unaotawaliwa na Pakistan, karibu kabisa na mstari unaotenganisha majeshi, na tangu mgawanyiko wa 1947 Wahindu wa Kashmir hawaifikii kama zamani. Mwaka 2023 hekalu dogo la Sharada lilifunguliwa Teetwal, upande wa India, waabudu wakielekea bonde wasiloweza kuliingia. Katika Satkhira ya Bangladesh, hekalu la Jeshoreshwari lilipewa taji na waziri mkuu Modi mwaka 2021, na mwaka 2024 taji hilo likaibiwa. Sisi tunajadili nani alitangulia, na huku watu wanazuiwa kufika.

Mtoto wa Ujiji

Ni kweli, na mipaka ya 1947 si mara ya kwanza siasa kuingia. Hekalu la Kamakhya lililopo lilijengwa upya mwaka 1565 na mfalme Naranarayan wa Koch, baada ya lile la awali kubomolewa. Pavagadh ilitekwa na Sultani Mahmud Begada mwaka 1484, na kwa karne nyingi kileleni palikuwa na kaburi la walii Sadanshah juu ya hekalu. Mnara ulijengwa upya na bendera ikapandishwa mwaka 2022. Kila mtawala aliyetaka kutambuliwa alijenga au alibomoa. Nadhani orodha zilirefuka pia kwa njia hiyo: mfalme akijenga, kuhani akapata kiungo.

Binti wa Kisutu

Ungesema pia kwamba watu wasio na mfalme waliabudu vile vile. Wahindu wa Kutch walioanza maisha Zanzibar na Dar es Salaam hawakuja na hekalu. Walikuja na jina la mama wa ukoo. Kwa wengi wa Kutch ni Ashapura, ambaye hekalu lake liko Mata no Madh. Wakati wa sikukuu ya Navaratri walitafuta chungu cha udongo, wakakitoboa matundu, wakaweka taa ndani na kukizunguka kwa ngoma usiku tisa, kama tunavyofanya mpaka leo. Mdadisi aliniuliza faraghani kwa nini Afrika Mashariki haina Shakti Pitha, na namjibu hapa: kiungo hakianguki mara ya pili, lakini mama huitwa popote.

Mkereketwa wa Miamba

Sawa kwa Ambaji. Lakini mnieleze jambo moja. Kama mwili ni mmoja, kwa nini Kamakhya na Kalighat wanachinja mbuzi na Ambaji hawachinji?

Msafiri wa Brahmaputra

Rafiki yangu alikuwa anasema damu ni ya wenyeji wa milimani, Wakhasi na Wagaro, ambao walikuwa na mungu wao wa kike pale Nilachal kabla ya kuhani yeyote wa Kisanskriti kufika. Makuhani walimpa jina jipya wakaziacha sadaka zake.

Mwalimu Mstaafu

Kalika Purana inakaribia kukiri hivyo. Inasimulia kwamba Kamarupa ilikaliwa na Wakirata, watu wa milimani, mpaka Naraka alipowafukuza na kushika ibada ya Kamakhya. Lakini kitabu hicho hicho kina sura nzima ya kueleza sadaka za damu, wanyama gani na kwa namna gani. Wenyeji wakafukuzwa, na kilicho chao kikaandikiwa kanuni kwa Kisanskriti.

Binti wa Kisutu

Au Wakirata hawakufukuzwa wote, wakabaki kuwa makuhani. Sadaka ya damu haikuwa ngeni kwa Veda, maandiko matakatifu ya kale kabisa ya Wahindu. Farasi na mbuzi walichinjwa katika kafara za zamani kabisa. Kuipachika milimani kila tunapoiona damu si haki kwao. Kesho nitaleta maelezo ya jinsi Wagujarati walivyobadilisha sadaka kuwa nazi.